Jimbo la 94 Virginia: kura 11,608 kwa 11,608. Nini hasa kiliamua?

Kisiki cha Mpingo #1

Wakuu, salaam. Swali langu fupi, majibu sidhani.

Novemba 7, 2017 watu wa Newport News, Virginia, kule Marekani, walimchagua mjumbe wa jimbo la 94 kwenye bunge la Virginia yenyewe. Siyo Congress ya Washington, tafadhali tusichanganye. Wakahesabu, wakahesabu tena, wakaenda mahakamani. Matokeo: David Yancey wa Republican kura 11,608, Shelly Simonds wa Democrat kura 11,608. Januari 4, 2018 majina mawili yakatiwa kwenye bakuli, likatoka la Yancey. Akaapishwa.

Kiti hicho kimoja ndicho kilichowaacha Republican na viti 51 dhidi ya 49. Kingeenda upande wa pili ingekuwa 50 kwa 50, bunge halina mwenyewe.

Sasa kila ninayemsoma ana mchawi wake. Huyu anasema majaji, yule wachora mipaka, mwingine makarani. Wenye kujua, nini hasa kiliamua jimbo hili? Leteni hoja. Ushabiki wa Trump upelekeni uzi mwingine.

Dar Mpaka Moro #2

Nimevuta kiti. Ngoja waje.

Nyundo ya Mbao #3

Hakuna fumbo hapo mkuu. Majaji.

Desemba 19 kura zilihesabiwa upya, Simonds akatoka mbele kwa kura moja, 11,608 kwa 11,607. Hadi viongozi wa Republican bungeni walishampongeza. Kesho yake majaji watatu wanakaa, wanaletewa karatasi moja iliyokwisha kuwekwa kando kwamba imeharibika, wanampa Yancey. Sare. Mwenye ushindi amelala na kiti, ameamka hana.

Unataka mchawi gani tena?

Shangazi Tata #4

Nyundo umeanzia hadithi katikati, kama kawaida yako. Kabla ya kuhesabu upya aliyekuwa mbele ni Yancey, kwa kura 10. Kwa hiyo kama kulala na kiti ni hoja, Yancey alilala nacho zaidi ya mwezi mzima. Simonds alilala nacho usiku mmoja.

Fundi Saa #5

Watu wanaitaja hiyo karatasi bila kuiona. Picha yake ilisambaa sana wakati ule, tuitazame.

Kura za Virginia ni karatasi yenye viduara, unakijaza wino, mashine inasoma. Mpiga kura huyu kwenye nafasi ya mjumbe alijaza viduara viwili, cha Simonds na cha Yancey. Halafu kwenye cha Simonds akapitisha mstari wa mshazari. Ukiishia hapo utasema huyu alikosea, akamkata Simonds, anamtaka Yancey. Na nafasi nyingine alikuwa amechagua Republican.

Lakini panda juu kwenye nafasi ya gavana. Amejaza kiduara cha Ed Gillespie wa Republican, na hapo pia kaongeza alama, mkasi wa X. Na hakumjazia mwingine yeyote nafasi hiyo. Sasa kama alama ya ziada maana yake ni kukata, basi Gillespie naye kamkata, hana gavana. Kama maana yake ni kusisitiza, basi Simonds kamsisitiza. Mawakili wa Simonds walishika hapo hapo.

Mimi nimeitazama mara nyingi na kila mara naamua tofauti.

Nyundo ya Mbao #6

Umemaliza mwenyewe Fundi. Kama fundi wa saa hajui, imeharibika. Tupa kule.

Karani Mstaafu #7

Vijana, habari zenu. Nimesimamia vituo vya kura kwetu miaka mingi, tangu wakati wa kandili. Niwaambie jambo moja kuhusu karatasi yenye utata.

Mnahesabia darasani. Madawati yameunganishwa, masanduku yamemwagwa, mawakala wa vyama wamekuzunguka wanapumulia shingoni. Karatasi tisa kati ya kumi hazina neno. Ikija yenye utata, mawakala wote wanainama kwa pamoja. Nimekuta mtu kaweka alama ya vema juu ya uso wa mgombea kwenye picha badala ya kwenye kisanduku. Nimekuta vema imeanzia kisanduku cha juu mkia ukaishia cha chini. Nimekuta aliyeandika kero ya maji ya kijiji chake, herufi safi kabisa, bila kumchagua mtu.

Wakala ambaye chama chake kimeachwa mbali haoni shida, anakwambia mzee tupa tuendelee. Karatasi hiyo hiyo, chama chake kikiwa nyuma kwa kura mbili, inageuka kuwa Katiba. Karatasi haijabadilika. Kilichobadilika ni hesabu iliyoandikwa ubaoni.

Shangazi Tata #8

Mzee Karani shikamoo. Hiyo ya Katiba nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Karani Mstaafu #9

Marahaba mama.

Fundi Saa #10

Alichosema Mzee #7 ndicho kilichotokea Newport News. Kwenye meza ya kuhesabu upya walikaa wawili wawili, mmoja wa kila chama. Karatasi ile ilipopita, wote wawili walikubaliana kwamba imezidi, isihesabiwe kwa yeyote. Jioni ikajulikana pengo ni kura moja. Kesho yake asubuhi yule wa Republican akaiandikia mahakama barua kwamba sasa anaona ile ilikuwa ya Yancey.

Simsemi kwamba alidanganya. Nasema ubao ulikuwa umeshaandikwa.

Kapteni Mchinga #11

Kwa hiyo mtu mmoja asiyejua kushika kalamu ndiye aliyeamua Virginia nzima? Na hajulikani ni nani hadi leo?

Shangazi Tata #12

Kura ni ya siri, Kapteni. Ungetaka ajulikane akafanywe nini?

Mtu wa Norfolk #13

Nimeona uzi huu nikaona niingie, maana naishi ng'ambo ya maji kutoka Newport News na mwaka ule nilikuwa huku huku. Jimbo langu lilikuwa jingine, kwa hiyo sina damu mkononi.

Ninyi mnazungumzia karatasi iliyopigwa. Mimi nazungumzia zisizopigwa. Newport News ni mji wa meli, kiwanda chao ndicho kinachounda manowari kubwa za kubeba ndege. Watu wanaingia zamu. Wengine wanakaa upande ule na kazi iko Norfolk, katikati kuna lile daraja linalozama na kuwa handaki chini ya bahari. Foleni yake wakati wa kutoka kazini usiombe. Vituo vinafungwa saa moja jioni. Ukiwa kwenye mstari saa moja utapiga kura, ukiwa kwenye handaki saa moja umekwisha.

Nina rafiki, Mkongo wa Bukavu, alikuwa ameshapata uraia na anakaa ndani ya jimbo la 94. Siku ile alitoka kazini akasema ataenda baada ya kula. Akala, akalala. Bakuli lilipotolewa kwenye televisheni alizima simu siku nzima, maana wote tulikuwa tunampigia. Kila mtu niliyemjua kule alikuwa na mtu wa namna hiyo kwenye ukoo. Ukihesabu sababu za sare ile, anza na usingizi.

Dar Mpaka Moro #14

Msalimie Mkongo. Mwambie Bongo tunamjua.

Nyundo ya Mbao #15

Mtu wa Norfolk, hoja ya waliolala haina mwisho. Waliolala wapo pande zote mbili. Yancey naye ana wake waliokwama handakini.

Kisiki cha Mpingo #16

Nyundo safari hii nakuunga mkono. Hoja inayofaa kwa wote wawili haimwelezi yeyote.

Ila kuna mgombea wa tatu hamjamtaja. Alikuwepo wa chama kidogo cha Libertarian, akapata kura mamia kadhaa. Ukigawa hizo kura tu, sare inakufa.

Kapteni Mchinga #17

Ehe! Huyo sasa ndiye mchawi. Kuna chama hakina hata diwani kinasimamisha mtu ili aharibu.

Shangazi Tata #18

Aharibu kwa nani? Wa Libertarian anawavuta wa Republican kwa kodi na bunduki, na wa Democrat kwa bangi na faragha. Labda bila yeye nusu yao wangebaki nyumbani wakalala na yule Mkongo.

Mchora Ramani #19

Naona mnasogelea bila kugusa. Jina langu humu lilitokana na kazi, kwa hiyo msishangae nikielekeza kwenye mipaka.

Mwaka huo huo, siku hiyo hiyo, Ralph Northam wa Democrat alimshinda Gillespie ugavana kwa takriban asilimia 9. Ugavana hauna mipaka, ni Virginia nzima. Wajumbe je? Walianza 66 wa Republican kwa 34 wa Democrat, Democrat wakanyakua viti 15 kwa mpigo, na bado wakaishia 49. Unashindaje kwa asilimia 9 juu, chini unakosa wingi? Ni ramani ya 2011. Imechorwa ili mwenye kura chache apate viti vingi.

Na haya siyo maneno yangu tu. Juni 2018 mahakama ya shirikisho ilisema majimbo 11 ya ramani ile yalichorwa kwa kuwabana wapiga kura weusi pamoja kinyume cha Katiba. Ikachorwa upya. 2019 wale wale Yancey na Simonds wakarudiana, Simonds akashinda waziwazi, na Democrat wakachukua bunge 55 kwa 45.

Kwa hiyo bakuli, karatasi, handaki, yote ni mapambo. Mechi ilichezwa 2011.

Fundi Saa #20

Mchora Ramani, heshima, lakini jimbo la 94 halikuwa miongoni mwa yale 11. Yaliyokuwemo ni ya jirani yake, 92 na 95. Mipaka ya 94 iliguswa baadaye kwa sababu ukimsogeza jirani na wewe unasogea.

Mchora Ramani #21

Na ukimbana jirani, unayenufaika ni nani? Weusi wakisukumwa wote 95, 94 inabaki na nani? Hesabu ni ile ile.

Fundi Saa #22

Hesabu ni ile ile, lakini hukumu haikusema hivyo kuhusu 94. Tutenganishe.

Nyundo ya Mbao #23

Na kama ramani ndiyo iliyoamua, mbona ilikuwa sare? Ramani iliyochorwa vizuri haitoi 11,608 kwa 11,608. Wachoraji wake walipaswa kufukuzwa kazi.

Mchora Ramani #24

Ramani ya 2011 ilichorwa kwa hali ya hewa ya 2011. 2017 ilikuja mvua ya kumpinga Trump ambayo hakuna aliyeipimia. Ukuta ulipasuka kila mahali. Hapo 94 ulibaki unavuja.

Shangazi Tata #25

Mbona wote mmeruka jambo la makarani alilolitaja mleta mada? Mei 2018, miezi minne baada ya bakuli, Washington Post walitoa habari kwamba wapiga kura 26 wa Newport News walipewa karatasi ya jimbo lisilo lao. Walikuwa wakazi wa 94, mtaa wenye weusi wengi, wakapewa kura ya jimbo jingine.

Ishirini na sita. Kwenye sare. Mtaa ambao ungeupigia Democrat hata ukiulizwa usingizini.

Sasa Nyundo lete majaji wako, Mchora lete ramani yako. Mimi naleta karani aliyekosea mstari kwenye kompyuta.

Mtu wa Norfolk #26

Hilo la 26 ni kweli, liliuma sana huku. Na halikuwa hapo tu. Jimbo la 28, kule Fredericksburg na Stafford, wapiga kura 147 walipewa karatasi isiyo yao. Bob Thomas wa Republican alimshinda Joshua Cole kwa kura 73. Walikwenda mahakama ya shirikisho kuomba uchaguzi urudiwe, ikakataa. 2019 Cole akagombea tena na kukipata kiti.

Mimi mwenyewe niliwahi kufika kituoni baada ya kuhama nyumba nikaambiwa siyo hapo, nenda kule. Nikaenda kule, wakaniambia rudi. Mpaka tukapata aliyejua kwamba barabara yetu upande wa namba witiri ni jimbo hili na upande wa shufwa ni lile. Jirani wa mbele ya mlango wangu ana mjumbe wake, mimi nina wangu. Karani anayekaa na orodha ya mitaa ya namna hiyo tangu alfajiri, atakosea.

Karani Mstaafu #27

Atakosea. Namtetea.

Kapteni Mchinga #28

Swali la mwanafunzi wa nyuma. Hao wajumbe wanalipwa shilingi ngapi mpaka watu wapelekane mahakamani?

Mtu wa Norfolk #29

Wakati ule dola 17,640 kwa mwaka. Wengi wana kazi nyingine, vikao ni vya wiki chache mwanzoni mwa mwaka.

Kapteni Mchinga #30

Kwa mwaka?! Na mnakesha? Mbunge wetu akisikia atawaonea huruma awatumie nauli.

Mkulima wa Molo #31

Wadau hamjambo, jirani yenu wa Kenya hapa. Hii stori ya karatasi iliyoharibika imenikumbusha 2013 kwetu. Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07, na Katiba inadai zaidi ya nusu ya kura zote. Kwa hivyo vita ikawa juu ya kura zilizokataliwa: je, kura iliyokataliwa ni kura? Ukiihesabu kwenye jumla, asilimia inashuka. Mahakama ya Juu ikasema haihesabiwi. Pengo lilikuwa jembamba hivyo, na hizo takataka za chini ya meza ndizo zilizokuwa dhahabu.

Ninachotaka kusema: Nyundo kule #6 anasema tupa kule. Hakuna kutupa. Hata kutupa ni uamuzi, kuna anayefaidika.

Nyundo ya Mbao #32

Mkulima umenijia na jembe kabisa.

Bint Makunduchi #33

Asalaam alaykum. Mnakwenda mpaka Virginia na Molo wakati yenu iko hapa. Januari 1961 Zanzibar, uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, viti 22. Jimbo la Chake Chake, Pemba, Afro-Shirazi walilichukua kwa kura moja tu. Moja. Wakatoka na viti 10, wapinzani wao ZNP 9, na chama kidogo cha ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa ZNP mmoja kwa Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuundika.

Hawakuleta bakuli. Waliongeza kiti kimoja viwe 23, wakarudi kupiga kura Juni mwaka huo huo. Na kwenye fujo za Juni walikufa watu 68.

Kisiki cha Mpingo #34

Bint, waalaykum salaam. Hapo umenifungua. Nilikuwa naliona bakuli kama mchezo wa kitoto. Kumbe mbadala wake ni kurudia, na kurudia kuna bei yake.

Bint Makunduchi #35

Mie sikusema hivyo. Nimesema walirudia na watu walikufa. Waliokufa hawakuuliwa na kurudia uchaguzi, mambo yalikuwa yameshachacha siku nyingi. Usinitilie maneno mdomoni.

Dar Mpaka Moro #36

Tuelezeni hilo bakuli basi. Ni bakuli la nini, la uji?

Mtu wa Norfolk #37

Bakuli la ufinyanzi, la rangi ya samawati na nyeupe, kazi ya mfinyanzi wa huku aitwaye Steven Glass, liliazimwa kutoka jumba la makumbusho la sanaa la Virginia. Majina yalichapwa, yakakatwa, kila moja likatiwa kwenye kile kimkebe cha filamu za kamera za zamani. Mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi, James Alcorn, akachomoa kimoja, akafungua, akasoma. Chumba kimejaa kamera. Simonds alikuwepo na familia yake wamekaa wanatazama. Yancey hakufika.

Ilipangwa wachomoe Desemba 27, ikaahirishwa kwa sababu Simonds aliomba mahakama iitazame upya ile karatasi. Ikakataa Januari 3. Kesho yake bakuli.

Kapteni Mchinga #38

Vimkebe vya filamu mwaka 2018 walivipata wapi? Mwanangu hajui hata filamu ni nini.

Shangazi Tata #39

Na Yancey hakufika! Angekuwa mume wangu ningesema alishajua.

Fundi Saa #40

Shangazi usianzishe. Kamera zote zile, na kimkebe cha pili nacho kilifunguliwa.

Mbongo Leicester #41

Huku Uingereza ni jambo la kawaida kwenye madiwani. Mei 2017, kata ya South Blyth, Northumberland, wa Conservative na wa Liberal Democrat walilingana. Wakavuta vijiti, aliyevuta kirefu akawa diwani, wa Liberal Democrat. Conservative wakabaki na viti 33 kati ya 67, yaani kile kijiti ndicho kilichowanyima wingi. Watu wakaenda zao nyumbani.

Mimi naona ni kama mikwaju ya penalti. Mmecheza dakika 120 hamkuweza kufungana, mnataka nini tena?

Nyundo ya Mbao #42

Penalti mtu anapiga kwa mguu wake. Bakuli nani anapiga? Simonds alifanya kosa gani na vidole vya Alcorn? Rudieni uchaguzi, wananchi wajitokeze, mshindi apatikane.

Mbongo Leicester #43

Ukirudia watapiga kura watu wengine kabisa, kwenye baridi ya Januari, wakijua kabisa kwamba bunge zima liko mkononi mwao. Fedha zitamwagwa kutoka kila kona ya Marekani. Huo siyo uchaguzi ule ule, ni mwingine. Yule aliyepiga kura Novemba kwa ajili ya shule ya mwanawe amefutwa.

Kisiki cha Mpingo #44

Na je, mwenye bunge akikataa bakuli?

Mbongo Leicester #45

Mississippi hiyo. 2015, jimbo la 79, Bo Eaton wa Democrat na Mark Tullos wa Republican, kura 4,589 kila mmoja. Wakavuta vijiti Novemba, Eaton akapata kirefu. Amevaa suti anaapishwa Januari 2016? Bunge lenye Republican wengi likakaa, likafuta kura 5, likamweka Tullos. Na kwa kiti hicho chama kikapata wingi wa viti vitatu kati ya kila vitano unaotakiwa kwa mambo ya kodi.

Hapo sasa nani aliamua? Wapiga kura, vijiti, au wenye viti vyao tayari?

Mchora Ramani #46

Wenye viti. Ndiyo wimbo wangu tangu #19.

Fundi Saa #47

Wengine walioshinda kwa bahati walifika mbali. Wyoming 1994 walichomoa mpira wa ping-pong kwenye kofia ya gavana, aliyeshinda, Randall Luthi, akaja kuwa Spika. Alaska 2006, kura ya ndani ya Democrat, Bryce Edgmon alimtoa mkongwe Carl Moses kwa kurusha sarafu. Naye akaja kuwa Spika.

Kapteni Mchinga #48

Basi naomba sarafu hiyo.

Shangazi Tata #49

Turudi Virginia. Kuna swali hamjauliza: lile bakuli lilibadili nini? Mwaka ule ule wa 2018, na Republican wao 51, Virginia ilipanua Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, watu kama 400,000. Jambo walilolikataa miaka yote. Baadhi ya Republican walivuka upande baada ya kuona Novemba ilivyowakata. Kwa maana hiyo Democrat walipata kikubwa walichokitaka hata bila kiti.

Mtu wa Norfolk #50

Shangazi, siyo chote. Spika alibaki wa Republican, Kirk Cox, na Spika ndiye mwenye kamati. Muswada usiotakiwa unafia kwenye kamati ndogo asubuhi na mapema, watu hawajanywa kahawa. Marekebisho ya Katiba ya Marekani ya usawa wa wanawake yalikwama bungeni 2019, yakapita Januari 2020 baada ya Democrat kuingia, Virginia ikawa ya 38 kuyaridhia. Miaka miwili ya kusubiri ni miaka miwili.

Ila la Medicaid umesema kweli. Yule Mkongo wangu aliyelala alipata kadi yake 2019. Mpaka leo anasema kura yake ilifika hata bila kwenda.

Nyundo ya Mbao #51

Mkongo huyo mumpe uzi wake.

Kisiki cha Mpingo #52

Mzee Karani, kabla hatujaendelea. Ile karatasi ya Fundi #5, ungeiweka fungu gani?

Karani Mstaafu #53

Kwetu ina alama kwa wagombea wawili, nafasi moja. Imeharibika, sina la kujadili, naandika na mawakala wanasaini. Lakini Virginia sheria yao inamtaka karani atafute nia ya mpiga kura, wana hata kitabu cha mifano kwa picha. Kwa sheria hiyo ningekaa nayo muda mrefu. Aliyetaka wote wawili hana sababu ya kuongeza mstari kwa mmoja. Ule mstari una kazi yake.

Ila ningetaka niione wa kwanza, kabla ya kuambiwa pengo ni kura moja.

Nyundo ya Mbao #54

Mzee, umempa Yancey.

Shangazi Tata #55

Hajampa, soma mstari wa mwisho.

Mkulima wa Molo #56

Kama mnapenda kura moja, tazameni 2018. Kentucky jimbo la 13, Jim Glenn 6,319, DJ Johnson 6,318. Johnson akapeleka malalamiko bungeni, wakaanza kuhesabu tena, akayaondoa. Mwaka huo huo Alaska, Fairbanks, Bart LeBon alimshinda Kathryn Dodge kwa kura moja, ikaenda hadi Mahakama ya Juu ya huko. Hakuna bakuli, hakuna kijiti, na bado waliogombana walikuwa na karatasi zao zenye utata.

Mchora Ramani #57

Fairbanks naijua, nileteeni mipaka yake tuongee.

Fundi Saa #58

Tumekwisha.

Bint Makunduchi #59

Mie bado nasubiri mtu wa Pemba aje aniambie wazee wake wanasemaje kuhusu ile kura moja ya Chake Chake. Kwetu kila nyumba inadai kuwa ilikuwa ya babu yao.